Mwisho wa Mteremko

Mwanangu, nimesikia kwamba mtoto wako amejiunga na skauti wadogo huko mliko Marekani, na kwamba muda si mrefu ataletewa kijiboksi chenye kipande cha mbao na magurudumu manne ili achonge gari la mashindano. Watu watakupa ushauri mwingi kuhusu namna ya kulifanya gari hilo likimbie, maana kila mzazi wa kule ana siri yake ya mwendo. Mimi nataka nikusimulie habari ya kulisimamisha. Nimeona wachache sana wakiifikiria, nami niliifahamu majira ya baridi ya mwaka 1986, tulipokuwa tunaishi Madison, jimbo la Wisconsin, na kaka yako mkubwa akiwa bado darasa la tatu.

Tulikaa Eagle Heights, zile nyumba za familia za wanafunzi wa chuo kikuu, juu kidogo ya Ziwa Mendota. Ziwa lilikuwa limeganda, watu wanatembea juu yake na wengine wametoboa matundu wanavua samaki. Ngazi za jengo letu zilinukia dunia nzima: kitunguu saumu cha Wakorea, dengu za Wahindi, mchuzi wa nazi wa mama yenu siku alipopata nazi, na juu ya yote harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji na kutundikwa karibu na mabomba ya joto. Posho ya masomo ilikuwa ya kuhesabia senti. Stempu ya barua ya ndani senti 22, galoni ya petroli ndiyo kwanza inateremka kuielekea dola moja, na mkate wa bei nafuu tulikuwa tunausubiri jioni, wanapopunguza bei. Nyumbani Tanzania, dola ilikuwa shilingi kama 17 kwa bei ya benki, na kabla mwaka haujapita katikati tukasikia imefika 40. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka urais Novemba iliyotangulia, nchi iko mikononi mwa Mzee Mwinyi, na kila barua iliyofika ilikuwa na swali lile lile: sasa itakuwaje?

Habari nazo zilikuja kwa mafungu. Jumapili ya tarehe 26 Januari, majeshi ya Museveni yalikuwa yameshika Kampala, nami nimeinamia redio natafuta BBC, huku majirani zangu wa Wisconsin wana majonzi yao, kwa kuwa timu ya Chicago, watani wao wa jadi, ndiyo ilikuwa inabeba ubingwa wa mpira wa Kimarekani. Siku mbili baadaye chombo cha anga cha Challenger kilipasuka angani, kikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule. Watoto wengi walikuwa wameketi darasani wanatazama. Kaka yako alirudi nyumbani siku ile hakugusa chakula. Kipande chake cha mbao kilikuwa mezani jikoni, kimechorwa kwa penseli tu, na kikakaa hivyo siku kadhaa.

Mashindano yenyewe yanaitwa Pinewood Derby, na asili yake ni kilio cha mtoto. Mwaka 1953 kule Manhattan Beach, California, alikuwako bwana mmoja, Don Murphy, aliyeongoza kundi la skauti wadogo namba 280C. Mwanawe alitamani kuingia mashindano ya magari ya kupanda, yale ya kuteremka mlimani bila injini, lakini umri ulimkatalia. Murphy akabuni gari dogo la msonobari ambalo mtoto angeweza kulichonga mwenyewe, akaomba msaada kwenye kampuni ya ndege alikofanya kazi, North American Aviation, na tarehe 15 Mei mwaka ule vigari vikashindana kwa mara ya kwanza, katika njia mbili za mbao, na mstari wa ushindi uliotengenezwa kwa kengele za mlangoni na betri. Mwaka uliofuata gazeti la skauti, Boys' Life, likaitangaza michoro yake nchi nzima. Kampuni ile ya ndege, baada ya kuunganishwa na nyingine na kubadili jina, ndiyo iliyokuja kuunda Challenger. Sikulijua hilo wakati ule. Nililisoma baadaye sana, nikakumbuka kile kipande cha mbao kilivyokaa mezani.

Masharti yalikuwa machache na makali. Gari lisizidi wakia 5, yaani gramu 142 hivi. Urefu usizidi inchi 7. Ekseli ni misumari minne iliyomo kwenye boksi. Mimi nimelelewa na useremala, babu yenu wa Lushoto unamkumbuka, kwa hiyo randa na msasa havikunipa taabu. Kilichonishika ni ile harufu. Msonobari ukikwanguliwa hutoa utomvu mtamu wenye ukali kidogo, harufu ile ile ya mbao zilizokuwa zikishushwa karakanani kwetu, na katika jiko lile dogo la Eagle Heights, theluji imeziba nusu ya dirisha, nilijikuta nasimulia mambo ambayo kaka yako hakuwahi kunisikia nikiyasema. Nilimwambia habari za magari yetu ya waya na maboksi, matairi ya kandambili zilizokatika, usukani mrefu wa kijiti. Akaniuliza breki zake zilikuwaje. Nikamjibu hayakuhitaji breki, kwa sababu mwendeshaji ni mtoto mwenyewe anayekimbia nyuma yake. Akisimama yeye, na gari limesimama. Gari la mteremko halina mtoto nyuma yake. Likishaachiwa, hakuna anayelishika mpaka likutane na kitu.

Wiki moja kabla ya mashindano waliita wazazi na watoto kufanya majaribio katika ukumbi wa chini ya kanisa. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, inanukia nta na kahawa iliyochemshwa tangu asubuhi. Njia ya mbao ilitolewa stoo vipande vipande, ikaunganishwa: njia tatu, urefu kama mita kumi, geti la kuanzia likiwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Mwishoni walikuwa wameegemeza mto mkuukuu wa kochi ukutani, umeshindiliwa na miaka mpaka umekuwa mgumu. Vigari vya mwanzo viliugonga vikarudi nyuma vikipinduka, watu wakacheka. Kisha likaja gari la mtoto wa jirani yetu, Mkorea, ambaye baba yake alikuwa akiandika tasnifu na hakuwa na msumeno. Walilichonga kwa kisu cha jikoni, usiku baada ya usiku. Lilikuwa jekundu, jembamba, na lilikwenda kweli. Likaongoza, likavuka mstari, likaupiga mto kwa pua, likaruka pembeni na kuanguka sakafuni. Nilisikia mlio wa mbao ukipasuka. Gurudumu moja lilibiringika mpaka chini ya meza ya kahawa. Yule mtoto hakulia. Aliokota vipande, akavipanga kiganjani, akavitazama vizuri, kisha akamtazama baba yake, na baba yake akainamisha macho. Mwanangu, nimeona nyuso nyingi katika umri wangu huu, na ule wa baba yule sijausahau.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja wa asili ya Norway, seremala mstaafu, mikono mikubwa yenye kovu la msumeno kwenye gumba, aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Alisogea akaubonyeza ule mto kwa ngumi, akatikisa kichwa. Akaniuliza kama najua kushika randa. Nikamwambia baba yangu alinipa randa kabla hajanipa viatu. Akasema, "Basi kesho njoo gereji kwangu." Hatukuwa tumejuana hata majina.

Gereji yake ilikuwa na jiko la mafuta ya taa lililonguruma kwenye kona, na harufu yake ilichanganyika na ya vumbi la mbao na ya matufaa aliyoyahifadhi kwenye kreti. Alinimiminia kahawa nyepesi kwenye kikombe cha bati, akachukua penseli bapa ya fundi, akaanza kuchora juu ya plaiwudi. Kimo ambacho gari linashuka, alisema, ni kama mita 1.2. Ukitoa kinachopotea kwa msuguano njiani, gari linafika chini kwa mwendo wa kilomita 15 au 16 kwa saa. Mwendo huo ni deni, na mwishoni lazima ulipwe. Shauri ni kuulipa wote kwa mpigo au kidogo kidogo. Hesabu yake, tukiuacha ule msuguano, ilikuwa nyepesi hivi: chukua kimo ulichoshuka, ukigawe kwa umbali unaotumika kusimama, jibu litakuonyesha nguvu inayolipiga gari ni mara ngapi ya uzito wake. Mto ule ulikuwa ukibonyea labda sentimita 2. Mita 1.2 kwa sentimita 2 ni mara sitini, kwa hiyo gari la gramu 142 lilikuwa likipigwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo nane, zote kwenye ncha ya pua. Misumari hupinda, na mbao hupasuka pale penye mfereji wa ekseli, palipo dhaifu kuliko pote. Lipe gari lile lile mita mbili za kusimamia, na nguvu inashuka ikawa pungufu ya uzito wake lenyewe. Ndiyo maana mtu anayeruka ukutani hukunja magoti. Na kitu kizuri katika hesabu ile ni kwamba uzito wa gari hauingii. Zito na jepesi, yakiteleza juu ya kitu kile kile, yanahitaji umbali ule ule.

Tukaunda kipande cha ziada, cha kuunganishwa baada ya mstari wa ushindi, urefu wa futi nane. Hapa naomba unifuate kwa makini, kwa sababu ndipo penye ufundi wenyewe. Katikati ya kila njia pana reli ya mbao, nyembamba, kimo chake kama milimita 6, na magurudumu hupita kushoto na kulia kwake. Tumbo la gari, kwa masharti, huwa juu ya njia kwa milimita 9 na kitu. Kwa hiyo kati ya reli na tumbo pana nafasi ya kama milimita 3 tu. Ukiongeza kitu juu ya reli, kinene zaidi ya nafasi hiyo, gari linanyanyuliwa. Magurudumu yanabaki yanazunguka hewani, na gari linasafiri kwa tumbo mpaka linachoka. Hakuna kinachogusa pua, hakuna kinachogusa magurudumu. Kitu chenyewe kilikuwa kwenye kila nyumba ya Wisconsin: utepe wa sponji wenye gundi, wa kuzibia upepo kwenye milango na madirisha. Nilinunua roli mbili kwa dola moja na senti kadhaa, na muuzaji akaniuliza kama baridi inatuingia ndani.

Sponji ikianza ghafla, gari lenye pua fupi litaigonga kama ukuta mwingine. Kwa hiyo tulitangulia kuweka juu ya reli kipande cha mbao kilichorandwa kabari, kinapanda taratibu kwa futi nzima, ncha yake ya mwanzo nyembamba mpaka kidole hakiihisi. Kazi ya kuiranda ile ncha mzee aliniachia mimi, akasimama nyuma yangu bila kusema neno, na nilipomaliza akapitisha gumba lake lenye kovu mara mbili, akaguna kwa kuridhika. Kisha tukaweka vizuizi vifupi kati ya njia na njia, ili gari likiyumba lisiingie kwa mwenzake. Na mwisho kabisa, badala ya mto, tukatundika blanketi zito kwenye kamba, likining'inia wazi pasipo kuegemea kitu, ili gari litakalokaidi likutane na kitu kinachokubali kurudi nyuma.

Tulijaribu magari mpaka usiku. Tuligundua unga wa grafiti, ule mweusi wanaopaka kwenye ekseli, unadondoka na kuifanya sponji iwe na utelezi, na kila baada ya raundi kadhaa gari linasimama mbali zaidi. Dawa yake ni kitambaa chenye unyevu. Tuligundua pia kwamba wazazi waliobandika sarafu za senti moja chini ya gari ili kuongeza uzito wangezipoteza, kwa kuwa tumbo ndilo breki. Mzee akaipigia simu kila familia aliyoweza: chimbeni shimo, zikeni uzito ndani, fukieni kwa gundi na mpige msasa. Yule Mkorea na mwanawe walikuja wenyewe gerejini. Tuliunganisha gari lao kwa gundi na kulifunga kwenye jiriwa usiku kucha, na baba mtu alishika patasi kwa mara ya kwanza, mwanawe anamtazama.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi ya Februari, baridi ya kukata masikio. Donati ziliuzwa senti 25, kahawa senti 10 kwenye mkebe wa hiari. Vigari vilipimwa kwenye mizani ya kupimia barua, na gari lililozidi wakia 5 lilitobolewa kidogo chini na kurudishwa mizanini. Majaji wawili walipiga magoti kwenye mstari wa ushindi wakitegemea macho yao. Kaka yako alikuwa amelipaka lake kijani, njano, nyeusi na buluu, na watoto wakamuuliza bendera hiyo ni ya timu gani. Mimi na mzee tulikaa mwishoni kwenye viti vya kukunja. Alikuwa amechora mstari wa chaki sakafuni na kutangaza kwa sauti ya kanisani kwamba mtoto yeyote asiuvuke mpaka magari yote yametulia, kwa sababu mtoto akiona gari lake hunyoosha mkono kabla hajafikiri, na mikono mitatu ikigombania njia moja hapo ndipo vidole huumia na magari huangushwa. Kazi yangu ilikuwa kuyanyanyua kwa mbavu, kamwe si kwa magurudumu, na kumkabidhi kila mwenyewe lake mkononi.

Raundi ya kwanza ilipoachiwa, nilisikia ngurumo ya magurudumu ikija, kisha kelele za mstari wa ushindi, halafu sauti mpya kabisa: sponji ikipokea mbao, mkwaruzo mrefu unaofifia. Magari matatu yakasimama, moja mbele ya jingine kidogo, magurudumu bado yanazunguka. Ukumbi haukuligundua hilo, wote walikuwa wanamtazama mshindi. Lile jekundu la Mkorea lilikimbia raundi ya tatu, likashika nafasi ya pili, na lilipolala juu ya sponji mtoto alikuwa tayari ameufikia mstari wa chaki, vidole vya miguu vimeugusa, amejizuia kwa nguvu zake zote. Nilimpa gari lake. Aliligeuza tumbo juu, akakagua ekseli moja moja, akanitazama na kuinamisha kichwa kwa adabu, kama walivyomfunza kwao. La kaka yako lilimaliza katikati ya msafara, naye akala donati mbili. Jioni ile, tulipokuwa tunafungua njia vipande vipande, hakukuwa na hata gurudumu moja la kuokotwa sakafuni.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Siku hizi njia nyingi ni za alumini, muda hupimwa kwa kompyuta, na sehemu ya breki huuzwa ikiwa tayari imeundwa, kwa kanuni ile ile tuliyoichora kwenye plaiwudi. Wasichana wameruhusiwa kujiunga tangu 2018, na chama chenyewe kimebadili jina. Baden-Powell aliyeanzisha uskauti amelala Nyeri, Kenya, na sidhani kama alipata kuota kwamba watoto watakuja kuteremsha magari ya msonobari kwa jina lake. Yule mzee wa Norway alifariki tulipokuwa tumesharudi nyumbani. Mjukuu wake aliniandikia barua, akasema kile kipande cha futi nane kilikuwa bado kinatumika.

Kwa hiyo wakikuomba usaidie, mwanangu, omba upewe mwisho wa njia. Pima kimo cha mteremko, kisha tenga nafasi ya kusimamia isiyopungua mara mbili ya kimo hicho, na ukipata zaidi chukua. Pitisha kidole pale sponji inapoanza. Kidole kikikwama, na gari litakwama. Futa grafiti, chora mstari wa chaki, usimwachie mtoto kudaka gari. Mtoto mmoja atarudi nyumbani na kikombe, wengine wote watarudi bila kikombe, na hilo watoto wanalistahimili vizuri kuliko tunavyodhani. Wasichostahimili ni kuona kazi ya mikono yao imevunjwa na mwendo walioutafuta wenyewe, wakati mtu mzima angeweza kulizuia hilo kwa utepe wa sponji na jioni moja ya kuranda.